Wenye mahoteli Unguja, acheni kumimina mrututu kwenye mabwawa ya mapambo!

Jamani, imetosha. Kuanzia Nungwi mpaka Jambiani hadithi ni ile ile: bwawa la mbele ya mapokezi linageuka supu ya mchicha, anaitwa "fundi", anakuja na mfuko wa mrututu, yaani salfeti ya shaba, anamimina kwa macho. Baada ya siku mbili maji yanang'aa na samaki wanaelea tumbo juu. Wiki haijesha, kijani kimerudi. Lawama anatupiwa mtunza bustani, au kisima.

Tupige hesabu. Bwawa la mita 20 kwa 10, kina sentimita 80, lina maji lita 160,000. Ukitaka maji hayo yapite kwenye chujio kila baada ya saa 4, pampu lazima isukume lita 40,000 kwa saa. Mnafungiwa ya lita 10,000, na meneja anaamuru iwashwe saa 6 tu kwa siku, eti umeme ghali. Hapo hata nusu ya maji haijagusa chujio. Wengine wakishtuka wananunua pampu kubwa na kuiunga kwenye chujio lile lile, tangi la mchanga la kipenyo cha sentimita 60. Maji yanapita kwa kasi mno, yanachimba njia ndani ya mchanga na uchafu unarudi bwawani. Pampu ya lita 40,000 inataka tangi la kipenyo cha mita 1.2. Na mchanga huoshwa kwa kugeuza mkondo pale geji ya presha inapopanda kama bar 0.5 juu ya kipimo chake cha mchanga safi, si kila Ijumaa kwa mazoea.

Kwenye bwawa la samaki, kuzima pampu usiku ndiyo balaa kubwa zaidi. Mchana mwani, yaani huo ukijani wa majini, unatoa oksijeni. Usiku nao unaivuta. Mkiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, msikimbilie dawa. Washeni pampu, maji yarushwe.

Sasa huo mrututu. Kwa bwawa la samaki, kipimo kinafuata ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuzimua asidi: ukiwa miligramu 250 kwa lita, unagawa kwa 100, unapata gramu 2.5 kwa kila lita 1,000. Kwa bwawa letu ni gramu 400 kwa jumla, tena baada ya kupima, na sehemu moja tu ya bwawa kwa wakati mmoja, kwa sababu mwani uliokufa ukioza unamaliza oksijeni. Ualkali ukiwa chini ya 50, mrututu usiuguse kabisa. Nyinyi mnamwaga kilo 2! Na konokono hawavumilii hata kidogo.

Bwawa lisilo na samaki, tumieni klorini, lakini pimeni pH kwanza, kile kipimo cha uasidi wa maji. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji ni magumu, na saruji mpya nayo inapandisha pH. Ikifika 8.5, klorini yenye nguvu hasa ni kama sehemu moja ya kumi tu. Shusheni kwa asidi hadi 7.4 hivi. Sugueni kuta kwa brashi, maana ule utelezi ndio ngao ya mwani. Kisha jioni, jua likishazama, klorini ya unga ya asilimia 65, kilo 2.5 kwa lita 160,000. Yeyusheni kwenye ndoo: unga ndani ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Pampu iende usiku kucha. Na yule anayeweka dumu la asidi na ndoo ya klorini kwenye stoo moja, vikichanganyika gesi yake itakuja kuua mtu.

Lakini chakula cha mwani kinatoka wapi? Bustanini! Ukingo wa bwawa umelazwa sawa na majani ili picha ipendeze, mvua ya masika inaosha mbolea na samadi yote inaingia bwawani. Inueni ukingo sentimita 10, chimbeni mfereji nyuma yake. Miti ya mikungu na mivinje isiwe juu ya maji. Bwawa la samaki lipandeni mayungiyungi mpaka yafunike nusu ya uso. Maruhubi, kwenye jumba la Sayyid Barghash, yalipandwa kwenye mabwawa kabla hamjafikiria kujenga hoteli. Kaskazi likikaza na mkawa mnajazia maji ya kisima tu kila siku, maji yanakauka kwa jua, chumvi inabaki na kuzidi, kwa hiyo mwageni sehemu ya maji ya zamani.

Anayejua wapi hapa Unguja unapatikana mchanga wa chujio uliooshwa, chembe za milimita 0.5 hadi 1, aweke bei hapa chini. Mchanga wa ufukweni msinitajie: una chumvi na vipande vya makombe, na kuuchota ni kuharibu pwani.