Zermatt au Chamonix? Ijumaa natakiwa kulipia hoteli

Mguu_Nje
Wakuu, habari za muda huu. Nataka kuipeleka familia kuteleza kwenye theluji na nimebaki na majina mawili mezani: Zermatt ya Uswisi na Chamonix ya Ufaransa. Hoteli zote mbili zinataka malipo ya awali, mwisho Ijumaa. Picha nimeangalia mpaka macho yanauma, kote kuzuri. Aliyefika kote anipe ukweli.

Nyayo
Mkuu, familia ya watu wangapi? Watoto wana umri gani? Kuna aliyewahi kuvaa skii, vile vibao vya kutelezea? Mwezi gani? Usipotaja hayo kila mtu atakupigia debe kwake.

Kijiwe cha Barafu
Chamonix, funga mjadala. Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika pale, 1924. Unapanda gari la nyaya kutoka mjini mpaka kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842, halafu unateremka Vallée Blanche, kama kilomita 20 juu ya barafu ya kudumu. Zermatt wana nini cha kushindana na hapo?

MamaWawili
Kijiwe, acha masihara. Vallée Blanche si njia iliyotengenezwa. Haina doria, ina nyufa za kummeza mtu mzima, na watu huenda na kiongozi wa milimani na kifaa cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji. Hata kabla hujavaa skii unashuka ukingo mwembamba wa theluji umeng'ang'ania kamba, bonde lote liko chini ya kisigino chako. Mwenzio kasema familia.

Mguu_Nje
Samahani wakuu, niliandika haraka. Mimi, mke wangu, watoto wa miaka 9 na 13, na mama mkwe. Mimi niliwahi kuteleza kidogo zamani, wengine hawajawahi kabisa. Ni katikati ya Februari. Mama mkwe hatateleza, ila kasema wazi anataka kuuona mlima wenyewe, siyo kuambiwa uko nyuma ya mawingu.

Nyayo
Sasa tunaelewana. Jambo ambalo picha hazikuonyeshi: Chamonix si uwanja mmoja. Kuna Brévent na Flégère upande wa jua, Grands Montets upande wa kivuli, Le Tour mwisho wa bonde, Les Houches upande mwingine. Kutoka sehemu moja kwenda nyingine ni basi au treni. Sasa jione asubuhi umebeba skii za watu wanne, mtoto mmoja kapoteza glavu, na basi limejaa. Kwa wanaoanza, Le Tour na Les Houches ndiko kwao, kwa hiyo usichukue hoteli katikati ya mji kwa ajili ya jina tu. Na katikati ya Februari shule za Ufaransa ziko likizo, zinapishana kwa kanda. Foleni za lifti utazikuta.

Tembo Mweupe
Zermatt kwa watoto. Mji wenyewe uko mita 1,600 hivi, Chamonix mita 1,035 tu, kwa hiyo theluji ya uhakika unaijua iko wapi. Wanaoanza wanapelekwa Sunnegga kwa treni ya chini ya ardhi, na pale juu kuna sehemu ya watoto. Angalizo: Uswisi hakuna njia za kijani, yaani zile rahisi kabisa, wanaanzia bluu. Mama mkwe mpandishe treni ya Gornergrat, ipo tangu 1898, inafika mita 3,089, mlima Matterhorn huo hapo mbele yake. Na magari hayaruhusiwi, watoto wanatembea kwa raha.

Kipanga
Hayaruhusiwi ya mafuta. Viteksi vya umeme vinakuja kimya kimya mgongoni, ukigeuka kioo kiko kwenye kiwiko.

Ila ngojeni niwape ya kwangu. Tulikuwa Zermatt, tukavuka juu kwenda Cervinia upande wa Italia kwa sababu chakula cha mchana kule ni nafuu na jua lilikuwa linawaka. Mwenzetu mmoja akaagiza kahawa, akaagiza keki, akaagiza kahawa nyingine. Nikamwonyesha bendera ya mgahawa ilivyoanza kunyooka kwa upepo, akacheka. Kufika kwenye lifti, kamba imefungwa, kijana anatikisa kichwa: upepo juu, mitambo imesimama. Kwa juu ni mlima mmoja tu unawatenga. Kwa barabara unazunguka kupitia handaki la Grand-Saint-Bernard, saa kadhaa! Tukachanga teksi, wengine hata hatujuani, viatu vya skii miguuni maana vya kubadilisha viko hotelini. Mmoja pasipoti yake nayo iko hotelini, njia nzima anasoma dua. Teksi ikaishia Täsch, kijiji cha kabla ya Zermatt, haivuki hapo, tukangoja treni usiku. Kuvua kiatu, ukucha wa dole gumba mweusi tii.

Tembo Mweupe
Mkuu, tangu 2023 kuna magari mapya ya nyaya yanayounganisha pande hizo mbili, hata asiyeteleza anavuka.

Kipanga
Upepo ukizidi nayo hayasimami?

Tembo Mweupe
Yanahimili zaidi.

Kipanga
Sikuuliza hivyo.

MamaWawili
Familia ya wanaoanza inaendea nini Italia? Mnabishana bure. Mimi ningeuliza pesa. Zermatt ni faranga, na kila kitu pale kinauma zaidi, kuanzia shule ya skii mpaka supu. Chamonix pia chukua tiketi ya bei ndogo, ile isiyofika Aiguille du Midi, wanaoanza hawana kazi kule. Mama mkwe akitaka kupanda mnunulie ya kwake, ila kama ana presha aongee na daktari kwanza. Mita 3,842 si mchezo.

Nyayo
Nakazia. Na uwanja wa ndege ni Geneva kote: Chamonix saa moja na ushee kwa gari, Zermatt kama saa nne kwa treni, unabadilisha Visp. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, eneo la viza moja. Ombi la viza linakwenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi, kwa hiyo amua kabla ya kujaza fomu.

Kijiwe cha Barafu
Bado nasema Chamonix. Mlima wa pale, Mont Blanc, ndio mrefu kuliko wote kwenye Alpi. Matterhorn ni sura tu.

Tembo Mweupe
Sura ndiyo mama mkwe anaitaka!

Mguu_Nje
Ahsanteni sana. Nilikuwa naelekea Zermatt, ila mke wangu kasoma habari ya teksi na sasa anauliza kwani hakuna sehemu ya tatu. Halafu viatu, ninunue au nikodi?

MamaWawili
Watoto kodi, mwakani havitawaingia. Wewe pia kodi, ila vaa soksi moja tu, siyo mbili. Mbili zinabana damu na miguu inaganda.

Kipanga
Mbili mimi huvaa na sigandi.

Nyayo
Ndiyo maana ukucha ulikuwa mweusi.

Tope la Januari
Samahani kudandia uzi, miwani ya siku ya mawingu inatakiwa kioo cha rangi gani? Nilichonacho ni cheusi na naambiwa sitaona mabonde madogo ya njia.