Cherehani inaruka kwenye jezi, na chini uzi unajikusanya kama kiota

MamaPindo

Habari zenu mafundi, naombeni msaada, nimekwama tangu juzi. Cherehani yangu ni ya nyumbani, ya umeme, na pamba ilikuwa inashona vizuri kabisa. Nimeanza gauni la binti yangu la kitambaa cha jezi, hiki cha kuvutika, basi kila nikienda vidole vitatu mshono unaruka. Nikakaza uzi wa juu, nikalegeza, mwisho nikachukua bisibisi nikageuza ile skrubu ndogo ya kikasha cha bobini, kile kinachobeba kigurudumu cha uzi wa chini. Sasa hata pamba haishoniki. Juu mshono umenyooka, chini kiota kitupu. Sindano ni namba 14, ni ileile iliyokuja na mashine, haijavunjika. Nimekosea wapi?

Uzi_Mweupe

Pole dada. Kiota kikiwa chini, uzi wa chini umelegea. Kaza bobini.

FundiSindano

Ndugu yangu hapo juu, ni kinyume chake. Uzi wa chini ukilegea, uzi wa juu unaupandisha na utauona umechungulia juu ya kitambaa. Vitanzi vilivyojaa chini ni vya uzi wa juu. Dada, hakikisha mwenyewe: weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ushone kipande cha pamba. Kiota kikiwa chekundu, wacha bisibisi mezani.

Hapo una matatizo mawili, usiyachanganye.

La kiota mara nyingi linatokana na kutunga uzi huku mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, umeshushwa. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya kubana uzi vimefungana, uzi unapita pembeni na haubanwi na kitu. Inua mguu, chomoa uzi wote, tunga upya tangu mwanzo. Kisha shusha mguu uvute uzi karibu na sindano: lazima usikie unakataa. Ukija kirahisi, rudia.

La kuruka ni sindano, na hapa nisikilize vizuri. Sindano ikishafika chini kabisa inaanza kupanda, na ikipanda kama milimita 2 tu, uzi ulio nyuma yake unavimba na kufanya kitanzi kidogo. Ndoano inayozunguka bobini inapita wakati huohuo na kukidaka. Jezi inang'ang'ania sindano na kupanda nayo, kitanzi hakifanyiki, ndoano inapita patupu. Huko ndiko kuruka. Ukaze usikaze uzi, ndoano haitadaka kitanzi ambacho hakipo.

Tafuta sindano ya vitambaa vya kuvutika, namba 11, ile yenye ncha ya mviringo. Inapenya katikati ya nyuzi za jezi bila kuzitoboa. Kwenye cherehani nyingi za nyumbani ubapa wa shina, ile sehemu nene ya juu ya sindano, unatazama nyuma. Sukuma sindano mpaka igote juu ndipo ukaze. Ikining'inia chini kidogo tu, ndoano inaikosa.

Halafu "haijavunjika" si sawa na "nzima". Ipitishe ncha taratibu juu ya ukucha: ikikwaruza, ina kinundu. Ilaze ubapa wake juu ya kioo uchungulie ubavuni: mwanga kati ya mwili mwembamba wa sindano na kioo ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, imepinda. Mimi niliwahi kukesha na sketi ya mteja, nikaharibu skrubu zote nilizozifikia, kumbe sindano imepinda kiasi cha unywele. Tangu siku hiyo nabadilisha sindano kwanza, hayo mengine baadaye. Sindano ikishashona jumla ya saa 8 hivi, imetosha, ibadilishe.

Skrubu uliyoigeuza: kama kikasha kinatoka, kining'inize kwa uzi wake na utikise mkono kidogo. Kinatakiwa kishuke kidogo kisha kisimame. Kikiteremka moja kwa moja, kaza. Kikigoma kabisa, legeza. Robo ya mzunguko ni nyingi, nenda chini ya hapo.

MamaPindo

Fundi, kiota kilikuwa chekundu! Na kweli nilikuwa natunga mguu ukiwa chini, siku zote, pamba ilikuwa inanisamehe tu. Sindano ya zamani imekwaruza ukucha. Nimeweka namba 11 ya kuvutika, mshono umekwenda bega zima bila kuruka. Panaponisumbua sasa ni kwapani, mishono inapokutana. Nikisaidia kwa kuvuta kitambaa nyuma, sindano inalia "tak".

FundiSindano

Usivute, dada yangu. Ukivuta unaipinda sindano, inagonga bamba, kile chuma chenye tundu inapopita sindano, na hiyo "tak" ndiyo sauti yake. Badilisha sindano hiyo hata kama ni ya leo. Papasa pia tundu la bamba kwa kidole. Pakiwa na mkwaruzo palainishe kwa msasa laini sana, la sivyo patakukatia uzi.

Hapo kwapani mguu umeinamia nyuma kwa sababu unapanda unene. Kunja kitambaa chakavu mpaka kilingane na unene huo, kiweke chini ya mguu upande wa nyuma ili ukae sawa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, tobo moja moja, mpaka uvuke.

Uzi_Mweupe

Nimejaribu ile ya rangi mbili kwenye yangu. Miaka yote nimekuwa nikikaza bobini bure. Asante fundi.

MamaPindo

Kwapa zote mbili zimepita. Nakwenda kukunja pindo.