Moshi wa China: ni lazima nchi ichafuke kwanza ndipo itajirike?

Wakuu, kila likizungumzwa suala la viwanda na hewa chafu, haikosekani hoja hii: China ilivumilia moshi, ikatajirika, kisha ikapata hela za kusafisha, basi na nchi maskini ziachwe zichafue kwanza. Mimi napinga, na ushahidi wangu ni China hiyohiyo.

Januari 2013 kipimo cha uchafu wa hewa cha ubalozi wa Marekani jijini Beijing kilisoma 755, wakati skeli yenyewe inaishia 500. Moshi ulitoka kwenye mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, viwanda vya chuma na saruji vya mkoa jirani wa Hebei, magari, na majiko ya kupashia nyumba joto. Hatari kubwa humo ni chembe za PM2.5, nyembamba kuliko unywele kwa mara 30 hivi. Pua haizizuii. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, ndiyo maana hewa hiyo huleta kiharusi na maradhi ya moyo, si kikohozi tu.

Gharama yake je? Tangu miaka ya 1950 serikali iliwagharamia watu wa kaskazini mwa Mto Huai makaa ya kupashia joto. Wa kusini hawakupewa. Watafiti wakalinganisha pande hizo mbili, na mwaka 2017 wakachapisha makadirio: wa kaskazini walipungukiwa na umri kwa miaka kama 3. Mtu akishapoteza miaka mitatu ya uhai, hakuna kodi ya kiwanda itakayomrudishia.

Sasa lililo zito zaidi. Septemba 2013 serikali ilitoa mpango wa kusafisha hewa. Wastani wa PM2.5 wa Beijing, uliokuwa karibu mikrogramu 90 kwa mita ya ujazo mwaka huo, ulishuka hadi 38 mwaka 2020. Uchumi uliendelea kukua. Na mitambo ya kuchuja moshi haikuwa mpya hata kidogo. Japani ilikuwa ikiitumia tangu miaka ya 1970. Kilichokosekana ni amri, na mtu wa kuisimamia.

Jambo moja nawakubalia wa upande wa pili: kusafisha nako kunaumiza. Majira ya baridi ya 2017, vijiji vya Hebei vilinyang'anywa majiko ya makaa kabla gesi haijafika. Zipo shule ambazo watoto walitolewa nje wasome juani, maana darasani kulikuwa na baridi kuliko uani. Huo ulikuwa uonevu. Mwenye kiwanda ndiye alistahili kubanwa kwanza, mwanakijiji apewe gesi ndipo jiko liondolewe.

Kwa hiyo mnaosema tuchafue kwanza, naomba jibu: kama vichujio vipo na bei yake inajulikana, kiwanda kinachojengwa leo kinasubiri nini? Na wanaovuta moshi huo wakati wa kusubiri, nani aliwauliza?