Tulinunua programu kwa leseni ya kudumu, leo tunalipa kodi kama wapangaji kusoma vitabu vyetu wenyewe vya hesabu. Hawa wauza klaudi wamezidi!

Wakuu salaam.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "mfumo gani mzuri wa duka". Huu ni wa malalamiko, uacheni peke yake.

Niko uhasibu kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi, jumla na rejareja, makao Dar na matawi mikoani. Kwa miaka tulikuwa na programu ya uhasibu na stoo inayokaa kwenye seva yetu, chumba cha nyuma ya ofisi. Leseni ya kudumu, tumelipa mara moja, na kila mwaka tunamlipa wakala hela ya matengenezo. Jioni keshia akishafunga, nachukua bakapu kwenye diski, asubuhi kazi inaendelea. Hakuna aliyekuwa anaisifia, ila mizigo ilitoka na VAT tarehe 20 ilienda.

Kisha wakala (simtaji, sitaki kesi) akatuletea barua ya ukurasa mmoja. Toleo letu "limefikia mwisho wa huduma", fundi haji tena, marekebisho hakuna, na viwango vya kodi vikibadilika tujijue. Njia pekee ni kuhamia klaudi, yaani programu na data vikae kwenye seva zao, sisi tuviingie kwa intaneti. Leseni ya kudumu! Ya kudumu kwa nani?

Najua mchezo huu haukuanzia Tanzania. Atlassian, kampuni ya programu za ofisi, walifunga huduma ya matoleo yao ya seva Februari 2024. Broadcom walipoinunua VMware, watengenezaji wa programu za seva, mwishoni mwa 2023 wakaacha kuuza leseni za kudumu. Lakini huko mteja ana mwanasheria na ana pa kukimbilia. Sisi tulipewa barua na kijana wa mauzo mwenye projekta.

Huyo kijana alimwambia bosi maneno matamu: hakuna tena seva, hakuna fundi, "mnalipia mnachotumia". Uongo mtupu. Tunalipia kila jina lililosajiliwa, kila mwezi, litumike lisitumike. Mtunza stoo wa Dodoma anayeingia mara moja kwa wiki kuhesabu saruji analipiwa sawasawa na mimi ninayeshinda humo kutwa. Mwaka wa kwanza walitupa punguzo. Mkataba ulipofika kuhuishwa, punguzo likayeyuka, na sehemu ya stoo, ambayo kwenye programu ya zamani ilikuwa ndani ya bei, ikageuka "kifurushi cha ziada".

Halafu dola. Ofisi yao iko Dar, sisi tuko Dar, TIN za hapa hapa, lakini ankara inakuja kwa dola na maelezo kwamba unaweza kulipa shilingi "kwa bei ya siku", na bei ya siku wanaipanga wao. Mwaka 2022 dola ilikuwa kwenye 2,300 hivi, mwaka 2024 ikagonga 2,700. Mfumo haukuongezewa hata kitufe kimoja. Na tangu Machi 2025 tuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza kupanga bei za bidhaa na huduma za ndani kwa dola. Nikiwauliza wananijibu "gharama zetu ziko nje". Hata mimi mzigo wangu mwingi unatoka nje, mbona fundi wa Mbagala namuuzia kwa shilingi?

Intaneti sitaiongelea sana maana wote mnaijua. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na Jumatatu yake ankara moja inazunguka tu kwenye skrini huku lori la mteja linaunguruma nje. Programu ya zamani ingeuza, maana ilihitaji waya wa ndani ya jengo na jenereta basi. Oktoba 29, 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siasa ina jukwaa lake, siingii huko. Maduka yenyewe yalifungwa, sawa. Lakini ilikuwa mwisho wa mwezi na hesabu za mishahara zilikuwa zimefungiwa humo ndani. Nimemwambia nini mbeba mizigo aliyenipigia simu? Kwamba mshahara wake uko kwenye seva za Ulaya?

Na kituo cha data cha taifa kipo Kijitonyama. Nimewauliza kwa nini wasituweke hapo. Kimya.

Sasa lililonifanya nifungue uzi. Bosi akachoka, akasema tutoke. Nikaomba data yetu: mauzo, madeni ya wateja, mizania ya stoo, tangu tulipoanza. Nimeletewa PDF. Maelfu ya kurasa za PDF, za kusoma tu, haziingii kwenye mfumo mwingine! Nikasema hapana, nataka hifadhidata yenyewe, kama ile bakapu niliyokuwa nachukua kila jioni. Wakasema hifadhidata ni ya kwao, "muundo wake ni siri ya kibiashara", ila wanaweza kunitolea CSV (majedwali yanayofunguka kwenye Excel) za miaka miwili kwa ada. Ya huko nyuma ni ada nyingine. Na siku mkataba ukiisha, baada ya siku 90 wanafuta kila kitu.

Wanafuta! Sheria ya usimamizi wa kodi inanitaka nitunze kumbukumbu miaka mitano. TRA wakija kukagua nitawaambia wapige simu kwa kijana wa projekta? Google waliondoa ada ya kuhamisha data kutoka klaudi yao kwa mteja anayeondoka moja kwa moja Januari 2024, Amazon na Microsoft wakafuata Machi. Wale matajiri wa dunia wameiacha hiyo hela, halafu wakala mwenye ofisi ya vyumba viwili ananidai nilipie madeni ya wateja wangu mwenyewe. Ni sawa na mwenye nyumba kukuzuilia vyombo vyako mlangoni na kodi umemaliza kulipa.

Nisisingiziwe kwamba nachukia klaudi. Seva yetu ilishaungua umeme uliporudi kwa kishindo, na tawi la mkoani lilikuwa linatuma hesabu kwa WhatsApp. Sasa bosi anaona stoo zote kwenye simu, hilo ni zuri na nalikubali. Hasira yangu ni mkataba ambao mlango wa kuingia ni mpana na wa kutokea una kufuli.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika "hamieni kwa mshindani, acheni kulia", soma vizuri. Kuhama bila madeni ya wateja ni kuwasamehe wateja. Kuna mafundi maiko wanaonidai na ninaowadai kwenye daftari hilo hilo, wengine tangu 2021.

NYONGEZA 2: Kuna waliokuja PM kuniuzia mifumo yao. Nawajibu hapa hadharani: nitumieni kwanza ukurasa wa mkataba unaosema mteja akiondoka anapewa nini, kwa muundo gani, ndani ya muda gani na bure au kwa bei gani. Asiye nao asinitafute.

Wanasheria mliomo humu, naomba msaada wa kweli. Suala la kuzuiliwa data nalipeleka Tume ya Ushindani, au kwa kuwa humo kuna majina na simu za wateja naanzia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Na hii ankara ya dola, BoT wanapokea malalamiko ya mteja mmoja mmoja au mpaka tujikusanye? Mliopigwa kama sisi wekeni mkono hapa chini, bila kutaja majina ya kampuni.