Eti niwapishe "wateja wanaolipa". NILIKUWA NIMELIPA!

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye gari, buti zimejaa tope, mikono inatetemeka kwa hasira. Jina simtaji. Mnamjua. Yule mwenye uwanja wa peintiboli, mchezo wa kupigana kwa vidonge vya rangi, yule ambaye kipaza sauti nadhani analala nacho.

Leo ilikuwa siku yetu ya easofti, vita vya kuigiza kwa bunduki bandia za goroli za plastiki. Imepangwa tangu mwezi uliopita, nimelipa pauni 30, risiti ninayo. Saa mbili asubuhi tumeshafika, baridi ya kugandisha ulimi, bunduki zote zimepimwa kasi ya goroli, timu zimegawanywa. Saa nne linaingia basi la watu wanaomuaga bwana harusi, ishirini na kitu, bwana harusi mwenyewe kavalishwa nguo ya kuku. Jamaa akashika kipaza sauti. Mbele ya kuku, mbele ya watoto waliokuja kusherehekea bethidei, akasema: "Wenye vibunduki vya plastiki, wapisheni wateja wanaolipa."

Wateja wanaolipa! Mimi nililipa kwa maganda ya korosho?

Hesabu yake naijua. Sisi tunakuja na goroli zetu za milimita 6, mfuko mmoja unatosha kutwa nzima. Wale wa rangi wanalazimika kununua vidonge palepale uwanjani kwa bei yake, na ukiwa na kidole chepesi vidonge mia nzima vinakwisha hujapata hata jasho. Sawa, ni biashara. Lakini usiseme sijalipa!

Na hii ilikuwa mechi yangu ya TATU. Mnaocheza huku Uingereza mnaelewa. Bila mechi tatu, tena kwa muda usiopungua siku 56, namba ya UKARA, lile daftari la wachezaji wa easofti, huipati. Bila namba, kwa ile sheria ya 2006 ya bunduki bandia zinazofanana na za kweli, duka linakuuzia bunduki iliyopakwa bluu zaidi ya nusu. Nimejificha vichakani miezi miwili na bunduki ya rangi ya ndoo ya kufulia, naonekana kutoka Scotland! Leo ndiyo ningesainiwa. Tumeondolewa hata filimbi ya kwanza haijalia.

Nikamfuata na risiti mkononi. Akaniambia mchezo wetu ni wa waongo, goroli haiachi alama, kwa hiyo aliyepigwa anakaa kimya. Mimi? Mechi iliyopita nilijitangaza nimepigwa mara nne, na moja lilikuwa tawi la mti! Hata hilo ningemsamehe. Lakini "wateja wanaolipa"? Mbele ya kuku?

Bin Shamba: Mkuu, mtu mzima mwenye mke na kodi ya nyumba unalia kwa sababu kuku kakunyang'anya kichaka? 😂😂

Dada Mkali: Tia picha ya hiyo bunduki ya bluu tafadhali.

Rangi Tupu: Mimi nacheza peintiboli na nitasema ukweli. Kidonge cha rangi kina gramu 3 hivi na kinakuja mita 85 kwa sekunde. Hizo miwani zenu za wavu zinapitisha rangi mpaka kwenye jicho. Bora mliondolewa. Na goroli zenu nani anaziokota?

Mleta uzi: Nani kasema tulitaka kuchanganyika nanyi? Tulikuwa na upande wetu wa msitu! Na goroli zangu ni zile zinazooza. NILILIPA!

Rangi Tupu: Zinaoza lini? Mimi za mwaka juzi bado nazikanyaga.

Mtaa wa Saba: Huyo huyo mwenye kipaza sauti alinitoza pauni 10 za ovaroli, zipu imekufa. Nimecheza tumbo wazi mwezi wa kwanza.

Bin Shamba: Mleta uzi, jibu swali: kuku alishinda?

Mama Nasra: Msimcheke, hii tabia imezidi. Sisi tulilipia ukumbi Leicester kwa ajili ya singo ya mdogo wangu kabla ya harusi. Tumefika na mapambo, tunaambiwa kuna watu wa mazoezi ya viungo wamewahi. Singo ikafanyika kwenye maegesho. Somo alivaa koti la mvua!

Dada Mkali: Maegesho?? Pole sana dada. Na chakula je?

Mama Nasra: Chakula ndicho kilichotuokoa. Kuna mama anapika pilau hapa, sahani pauni 12, na kachumbari juu.

Mtaa wa Saba: Pauni 12! Huku Reading wanatuuzia 15 na nyama unaitafuta kwa tochi.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Mtu kasimama mbele ya umati akasema sijalipa.

Rangi Tupu: Mama Nasra, huyo mama anafikisha Milton Keynes?

Mama Nasra: Ukiagiza kuanzia sahani tano anafikisha. Njoo inboksi.