Mafuta ya kula: tupandishe ushuru wa mafuta ya nje au tuache?

Mkulima wa Iramba: Mmesahau 2022? Indonesia ilizuia mawese yake kuuzwa nje tarehe 28 Aprili, ikaja kufungulia Mei 23. Hata mwezi haukutimia, lakini huku dumu la lita 20 halikukamatika. Zaidi ya nusu ya mafuta tunayokula yanapitia bandarini. Ushuru upande, alizeti ya Singida, Dodoma na Simiyu ipate soko la uhakika. Mtu wa Jakarta akikohoa tusilale bila mboga.

Muuza chipsi, Buguruni: Mkuu, hiyo alizeti yako ukiiweka kwenye karai inatoa povu mpaka inamwagikia jiko. Mteja kasimama, mimi naondoa povu kwa mwiko. Sirudii.

Mwenye mashine, Singida: Povu ni la mafuta ambayo hayajasafishwa. Sisi wa mashine ndogo tunakamua na kuchuja, basi. Mtambo wa kusafisha una bei yake, na mbegu zikiisha mashine inalala miezi. Usitutukane kwa ajili ya mtaji.

Muuza chipsi, Buguruni: Nani katukana? Nimesema povu.

Dereva wa semi: Mtaji haumfanyi mtu achakachue. Nilinunua dumu kando ya barabara, nikaapiwa ni alizeti tupu. Kufika Makambako alfajiri, nusu limeganda, jeupe kama samli. Alizeti haigandi kwa baridi ile. Yale mawese.

Mwenye mashine, Singida: Hao wachuuzi, si sisi!

Dereva wa semi: Na wachuuzi wanachukulia kwa nani?

Mama lishe, Mbeya: Nyie gombaneni. Mwaka ule niliacha maandazi, nikauza mihogo ya kuchemsha. Ushuru ukipanda na bei ikapanda, huyo mkulima atakuja kuninunulia mafuta?

Mkulima wa Iramba: Mama, shikamoo, uchungu wako naujua. Ila msimu wa 2023 bei ya alizeti ilituangukia mikononi, wengine tukarudi kwenye mtama. Mkulima akishaacha kupanda, siku meli isipokuja utakaangia nini? Kigoma wana michikichi, lakini mche unataka miaka mitatu, minne kabla haujazaa. Alizeti ni miezi minne tu. Na hata hiyo bei ndogo, mnunuzi anataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Mnunuzi wa mazao: Lumbesa mnajaza wenyewe! Mnashona kilemba juu ya gunia halafu mnatusingizia.

Mkulima wa Iramba: Tunajaza kwa sababu bila kilemba hununui! Mwaka juzi mwenzako alikataa magunia yangu manane, nikayarudisha na mkokoteni, mvua juu.

Mnunuzi wa mazao: Pima kwa kilo basi, nani kakukataza?

Mkulima wa Iramba: Kwa mizani ipi? Lori lenu linapimwa barabarani. Gunia langu unalipima kwa macho.