Acheni kuwauzia watu gari la kukodi Italia wakati treni ipo!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mods naomba msiupeleke kwenye jukwaa la picha za safari, maana silalamikii hoteli wala chakula, nalalamikia pesa za watu.

Kuna mawakala wa safari hapa Dar, na kuna vijana wa video za mitandaoni, wote wimbo wao mmoja: mkiwa familia, Ulaya kodi gari, treni ni ghali. Ushauri huo wanampa Mtanzania mwenye kadi ya kawaida ya benki, mwenye leseni ya huku, aliyezoea gari la otomatiki lenye usukani kulia. Halafu hawamtajii hata sharti moja kati ya yale yatakayomkuta kaunta.

Sisi tulikuwa tunaenda Bologna, mdogo wangu wa kike anahitimu chuo. Tulikuwa mimi, mke wangu, mtoto wetu, na mama mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Wakala akapanga: tunatua Roma, tunakaa kidogo, Florence, Bologna, tunarudi Roma kupanda ndege. Anayeijua Italia anaona hapo hapo kwamba miji hiyo mitatu iko kwenye reli moja. Treni ya mwendokasi kutoka Roma Termini inafika Florence kwa saa moja na nusu hivi. Florence mpaka Bologna ni kama dakika 40, sehemu kubwa mko ndani ya mahandaki chini ya milima. Na kampuni mbili, Trenitalia na Italo, zinagombania abiria kwenye reli hiyo hiyo, ndiyo maana ukikata tiketi mapema unapata bei ya chini. Wakala wetu hakulitaja hata moja. Alisema, "Kaka, mama ana magoti, mna mabegi, mna mtoto. Gari limeshalipiwa, we nenda tu kachukue ufunguo."

Nenda tu kachukue ufunguo! Tumetua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, asubuhi kupitia Addis Ababa, hatujalala, tunafika kwenye kaunta ya kampuni ya kukodisha. Yule dada wa kaunta anapokea vocha, anapokea pasipoti, anapokea leseni na kibali cha kimataifa cha udereva, anaomba kadi. Namkabidhi. Anaigeuza, anaitazama, anairudisha juu ya meza na kuisukuma kwangu kwa kidole. Anataka kadi ya mkopo, iwe na jina la dereva. Kadi inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti haipokelewi kwa dhamana.

Wakuu, nani kati yetu ana kadi ya mkopo? Wapo, lakini wachache mno. Wengi wetu mshahara unaingia benki na kadi tuliyopewa ni hiyo hiyo ya kutolea pesa kwenye ATM. Wakala anayeishi Dar na kuuza safari kwa watu wa Dar analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Tukaambiwa njia ni mbili. Ama tuache gari na pesa tuliyokwisha kulipa isirudi, ama tununue bima yao kubwa pale pale kaunta, inayotozwa kwa kila siku ya kukodi, ndipo waikubali kadi yetu kwa dhamana ndogo. Mama amekaa juu ya begi ameshika goti, mtoto analia njaa, nyuma yetu foleni. Mtu katika hali ile anafanyaje? Nikalipa. Bima ile ya kaunta peke yake ilizidi bei ya kukodi gari lenyewe aliyotuuzia wakala. Na hiyo "dhamana ndogo" kwa kadi ya kwetu haizuiliwi kwa maandishi tu kama kwenye kadi ya mkopo. Ni pesa yako halisi inatoka kwenye akaunti, unaisubiri irudi mkiwa mmeshafika nyumbani, na inarudi kwa kiwango cha kubadilishia fedha ambacho hukukichagua wewe.

Tuje kwenye gari. Italia gari la kukodi la bei ya kawaida ni la gia za mkono. La otomatiki lipo ila bei yake ni nyingine, na lazima uliombe tangu mwanzo. Ongeza usukani kushoto, barabara upande wa kulia, na vipilefti unavizunguka kinyume na ulivyozoea maisha yako yote. Nimeendesha magari ya gia kwa miaka, nashukuru. Sasa fikiria mwenzangu aliyejifunzia kwenye Passo ya otomatiki, anakabidhiwa ufunguo huo Fiumicino akiwa na usingizi wa safari, kisha anaingia barabara kuu yenye kikomo cha kilomita 130 kwa saa akiwa na watoto nyuma. Hili ni suala la roho za watu, na kwenye tangazo la wakala halina hata mstari mmoja.

Roma kwenyewe gari hatukuligusa. Lilikaa kwenye maegesho ya kulipia, sisi tunapanda metro na basi, na kila siku inayopita ni kodi, ni bima, ni maegesho. Nilipompigia wakala kumuuliza kwa nini asingepanga gari lianzie siku ya kutoka Roma, akasema huo ndio utaratibu wa kifurushi.

Florence ndiko nilikokasirika kuliko kote. Katikati ya miji mingi ya zamani ya Italia kuna maeneo yanaitwa ZTL. Magari yanayoruhusiwa humo ni ya wakazi na wenye vibali, kwa saa zilizopangwa. Hakuna geti wala askari wa kukusimamisha. Kuna kibao cha duara chenye ukingo mwekundu, kuna ubao wa taa unaosema kwa Kiitaliano kama njia imefungwa au la, na kuna kamera inayosoma namba ya gari. Kila kupita ni faini yake, na moja inaanzia euro 80 na kitu kabla ya gharama za barua. Hoteli iliyomo ndani ya eneo hilo inaweza kupeleka namba ya gari la mgeni wake kwa mamlaka za mji ili asitozwe, lakini ni lazima ipewe namba hiyo. Wakala ndiye aliyetuwekea hoteli ndani ya ZTL. Ndiye aliyetupa gari. Ndiye aliyeandika kwenye ratiba "maegesho yapo". Hakuwaandikia hoteli kwamba tunakuja na gari, wala sisi hakutuandikia kwamba kuna kitu kinaitwa ZTL.

Tumerudi Dar, miezi imepita, siku moja simu inaleta ujumbe wa benki: kampuni ya gari imekata pesa. Nauliza ya nini, najibiwa ni ada ya kushughulikia faini. Yaani faini yenyewe bado haijafika. Hiyo ni ada ya wao kuwapa polisi jina langu na anwani yangu! Baadaye ndiyo bahasha ikafika kwenye S.L.P. ya ofisini: namba ya gari, mtaa, tarehe, saa na dakika tuliyopita. Sheria yao inawapa hadi siku 360 kumtumia barua ya faini mtu anayeishi nje ya nchi. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu kupokea unapunguziwa asilimia 30, na mwisho wa kulipa ni siku 60. Sasa barua ya sanduku la posta, anayekwenda kufungua ni mhudumu wa ofisi akipata nafasi. Hizo siku 5 unazipataje?

Kuna watakaosema treni nayo ina matatizo yake. Ndiyo, inayo, na nitayasema mwenyewe, maana sitaki mtu aondoke hapa na ushauri nusu kama tuliouziwa sisi. Migomo Italia ni ya mara kwa mara. Inatangazwa kabla, na siku za kazi treni za mikoani zina saa za lazima hata kukiwa na mgomo, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda, la sivyo utapigwa faini na tiketi yako ukiwa nayo mkononi. Tiketi za bei ya chini kabisa za mwendokasi hazibadilishwi wala hazirudishwi. Mabegi unabeba mwenyewe, na pale Bologna Centrale majukwaa ya mwendokasi yako chini kabisa ya ardhi, kwa hiyo mwenye mzee atafute lifti mapema, asisubiri treni ifike. Lakini mambo yote haya yanajulikana kabla hujatoka nyumbani, na bei unayoiona siku ya kukata tiketi ndiyo bei. Hakuna atakayeikata kadi yako miezi mingi baadaye.

Na hesabu ya "mko wengi, gari nafuu" waifanye yote. Weka kodi ya gari, bima ya kaunta, mafuta ya Ulaya, tozo za barabara kuu ambazo Roma mpaka Florence peke yake ni karibu euro 20, maegesho kila mji, na faini. Upande wa pili weka tiketi zilizokatwa mapema, mtoto aliye chini ya miaka 4 kwa Trenitalia anapakatwa bila kulipa, na treni inakushusha katikati ya mji ambako hoteli unaifikia kwa miguu au teksi fupi. Magoti ya mama yangehitaji nini zaidi? Watu hawa hawa sasa wanapanda SGR kwenda Dodoma na kuacha gari nyumbani, hawahitaji kufundishwa faida yake.

Gari lina mahali pake. Vijiji vya Toscana kama Pienza au San Gimignano, ndani ndani ya Sicilia, Sardinia, huko treni haikufikishi au inakufikisha mbali na unakokwenda. Kodi gari kwa siku hizo tu, lichukulie nje ya katikati ya mji, liegeshe nje ya kuta za mji wa zamani. Wakala mwenye nia njema angetuambia hivyo kwa sentensi moja.

Nimemwandikia kudai tofauti ya bima na zile faini za Florence. Jibu lake: masharti yote yapo kwenye vocha. Nimeisoma vocha hiyo. Habari ya kadi ipo kweli, ukurasa wa mwisho, herufi ndogo, na vocha yenyewe alitutumia kwa WhatsApp usiku wa kuamkia safari, tukiwa tumeshalipa kila kitu.

Kwa hiyo nauliza, na naomba majibu ya waliopitia, siyo ya kubahatisha. Kuna aliyewahi kumfikisha wakala wa safari Tume ya Ushindani kwa kumficha masharti mteja? Alipeleka vielelezo gani, na ilichukua muda gani? Na kwa wenye kadi za benki za hapa nchini: kuna aliyepinga makato ya kampuni ya gari ya nje kupitia benki yake akarudishiwa? Nina risiti zote, nina ujumbe wote wa WhatsApp wenye tarehe, na ile bahasha ninayo.